Kampuni ya Simu Ikiuza Mali, Tazama Kwanza Inamuuzia Nani

Tarehe 4 Desemba 2025 Vodacom ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba imekubaliana na serikali ya Kenya kununua asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa. Tangu hapo, jamaa na wanachama wenzangu wa chama cha uwekezaji wamekuwa wakiniuliza swali moja: tuuze au tushikilie? Mimi ndiye ninayesoma ripoti za kampuni kwa niaba ya chama chetu, kazi niliyoipenda tangu Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi tano mwaka 2008, wakati Wakenya zaidi ya laki nane walipojitokeza kuwa wanahisa. Jibu langu huwa ni lile lile: kabla ya bei, tafuta kujua mnunuzi na muuzaji wana uhusiano gani.

Tangazo lile lina sehemu mbili, na wengi waliisikia moja tu. Vodacom ilisema itanunua asilimia 15 kutoka kwa serikali, na asilimia nyingine 5 kutoka kwa Vodafone ya Uingereza. Vodafone ndiyo kampuni mama ya Vodacom. Serikali na Vodacom ni pande mbili, kila moja ina sababu ya kuvutana na mwenzake juu ya bei. Vodafone na Vodacom ni mzazi na mtoto, na mzazi akimuuzia mtoto, bei haipimwi na soko peke yake. Si jambo geni. Mwaka 2017 Vodafone iliihamishia Vodacom sehemu kubwa ya umiliki wake katika Safaricom, ikalipwa kwa hisa mpya za Vodacom badala ya fedha taslimu.

Kuna na hili lililowaumiza wengi: shilingi 34 haikuwa bei yako wala yangu. Vodacom ilisema haikusudii kutoa ofa kwa wanahisa wengine, na kwamba itaiomba mamlaka ya masoko ya mitaji iisamehe sharti la kutoa ofa hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekimbilia kwa dalali wake akidhani atalipwa 34 alikutana na bei ya siku hiyo pale Soko la Hisa la Nairobi. Ukisikia tangazo la namna hii, uliza mara moja: je, ofa hii inanifikia mimi?

Sasa nikueleze ninavyosoma ripoti ya mwaka. Naanzia nyuma. Kurasa za mbele zina picha za wakurugenzi wakitabasamu na watoto wa shule wakishika tableti. Nyuma, miongoni mwa maelezo ya hesabu, kuna sehemu inayohusu miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni: kampuni mama, kampuni tanzu, wakurugenzi na jamaa zao. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinadai iwepo. Humo utaona kampuni ilinunua nini kwa nani, inamdai nani, inadaiwa na nani. Chukua ripoti za miaka mitatu, ziweke pamoja, ufuatilie mstari mmoja mmoja. Deni la kampuni ndugu likikua kila mwaka bila kulipwa, au ada ya usimamizi ikipanda kuliko mapato, hilo ndilo swali lako la mkutano mkuu.

Sisemi kila muamala wa ndani ni wizi. Kwa miaka mingi Safaricom iliilipa Vodafone, mwenye M-Pesa, ada ya kuitumia huduma hiyo, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom wakainunua M-Pesa kutoka kwa Vodafone kupitia kampuni yao ya ubia. Huo ni muamala wa ndani, na mwanahisa wa Nairobi alikuwa na sababu ya kuufurahia. Ninachodai ni uwazi: bei itajwe, na ieleweke ilivyofikiwa.

Uwazi ukikosekana, huwa kama kilichotokea Adelphia, kampuni ya kebo, intaneti na simu iliyoanzishwa na John Rigas huko Pennsylvania, Marekani. Machi 2002, katika maelezo madogo chini ya taarifa ya matokeo yake, ilionekana kwamba kampuni ilikuwa imedhamini mikopo ya takribani dola bilioni 2.3 iliyochukuliwa na kampuni za familia ya Rigas. Mikopo hiyo haikuonekana kwenye mizania, ukurasa unaoorodhesha mali na madeni ya kampuni. Kufikia Juni kampuni ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2004 Rigas na mwanawe Timothy walipatikana na hatia. Mwaka 2006 mitandao ya kebo ikagawanywa kati ya Time Warner Cable na Comcast. Wanahisa walikuwa wameshtaki, na wakaguzi wa hesabu pamoja na mabenki wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 400, lakini mbele ya hasara yote hicho kilikuwa kiasi kidogo. Kila nikimweleza mtu kisa hiki nasisitiza jambo moja: dalili ilikuwa kwenye maelezo ya chini, si kwenye kichwa cha habari.

Uuzaji wa mali nao una kanuni yake. Kampuni za simu za kwetu zimeuza minara kwa miaka mingi. Vodacom Tanzania iliuza minara 1,149 kwa Helios Towers mwaka 2013, na Telkom Kenya iliuza yake 723 kwa American Tower mwaka 2018. Fedha huingia mara moja na faida ya mwaka ule hunenepa. Baada ya hapo kampuni hukodi minara ile ile, na kodi ya pango huendelea kwa miaka mingi, mara nyingine kwa dola. Kwa hiyo usiisifu faida ya mwaka wa mauzo. Iondoe hiyo fedha ya mauzo, uone biashara yenyewe imebaki na nini, kisha uulize fedha ilikwenda wapi: kulipa deni, kujenga mtandao, au mgao kwa mbia mkubwa?

Kuhusu kesi, nitakuwa mkweli kwa sababu nimeona watu wakichangishwa fedha bila kuelezwa. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inakupa njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mahakamani kulalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayowaumiza wanahisa isivyo haki, wewe ukiwa mmoja wao. Ya pili ni kushtaki kwa niaba ya kampuni, mathalani dhidi ya mkurugenzi aliyejinufaisha. Hii ya pili inahitaji ruhusa ya mahakama, na mkishinda, fidia huenda kwa kampuni, haiji mfukoni mwako. Wakili anayekusanya majina amwambie kila mtu anafuata njia ipi, nani atabeba gharama mkishindwa, na lini ataleta taarifa. Asipoweka hayo kwa maandishi, usitoe hata shilingi.

Walio ughaibuni na wana hisa za kampuni za Marekani, kwenu utaratibu ni mwingine. Kesi ya pamoja ikifikia maelewano, ilani huja kwa barua au kupitia broka, nayo hutaja kipindi: ulinunua hisa kati ya tarehe gani na gani. Kama umo, jaza fomu ya madai kabla ya siku ya mwisho na uambatishe taarifa za ununuzi wako. Usipoijaza unaweza kukosa mgao, na haki ya kushtaki peke yako ukawa umeipoteza pia.

Na nyumbani, wiki hii, piga simu kwa dalali wako uhakikishe anwani, namba ya simu na akaunti ya benki kwenye akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako kielektroniki, ni za sasa. Hisa nyingi za 2008 ziko kwa majina ya wazee ambao wameshatangulia, na mgao wa faida usiodaiwa hatimaye hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa. Kama za baba yako ziko hivyo, anza na hati za mirathi.