Maswali ya wasomaji: Mtoto hataki kulala mchana, kutwa mbio tu

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia zinahusu watoto wadogo na usingizi wa mchana. Nimechukua tatu.

Anti shikamoo. Naomba unisaidie jamani nimechoka. Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi minane, zamani alikuwa analala mchana mara mbili bila shida, saivi hataki kabisa, ukimlaza anainuka, ukimshika anajirusha nyuma analia, ukimwachia anapanda kochi anashuka anaenda kufungua kabati la vyombo, kutulia hata dakika tano hakuna. Mimi nauza chakula hapahapa nyumbani kwaiyo mchana ndo nina wateja, namwachia mdogo wangu, akienda sokoni saa nne anambeba mgongoni na huko njiani huwa anasinzia, ila akishushwa tu macho hayo. Ikifika saa kumi na moja jioni sasa ndo balaa, kijiko kikianguka analia, ukimpa maji analia, ukimnyima maji analia, alafu saa kumi na mbili anasinzia na tonge mdomoni, saa nne usiku kaamka anataka kucheza. Jirani anasema nimpe piriton nusu kijiko, wao wamekuza wao hivo. Mama mkwe anasema mtoto mchangamfu halali mchana niache kumsumbua. Nimsikilize nani?
*Mama Mtundu, Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole sana, kupika kwa ajili ya watu huku mtoto anakuparamia miguuni karibu na jiko la mkaa si kazi ndogo.

Naanza na piriton maana hiyo haiwezi kusubiri. Usimpe. Ile ni dawa ya mzio, usingizi ni maudhi yake tu, na kuna watoto ikiingia mwilini inawafanya kinyume kabisa, wanachachamaa badala ya kulala. Kuna nyingine ya jamii hiyohiyo inaitwa promethazine, nayo watu wanaisifia kwa kulaza watoto, hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 hatakiwi kupewa kabisa kwa sababu inaweza kumbana pumzi akiwa usingizini. Nusu kijiko cha kukadiria kwa macho kwa mtoto mzima asiyeumwa chochote, hapana jamani. Jirani yako anakupenda, mshukuru, alafu chupa iweke juu ya kabati mtoto asikoifikia.

Mama mkwe kwa upande mmoja yuko sawa, usingizi haulazimishwi, huwezi kumshika mtoto akalala kwa nguvu na ukijaribu ndo anajifunza kuwa kitanda ni sehemu ya ugomvi. Ila kusema hahitaji, hapo siungani naye. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku nzima, usiku na mchana vikijumlishwa. Wako ukimhesabia sidhani kama anafika, na ushahidi mwenyewe umeuandika, hicho kilio cha saa kumi na moja. Mtoto aliyechoka kupitiliza hasinzii kama mtu mzima, anazidi kukimbia, anagonga vitu, anakuwa na kasirani, na sisi tunasema leo kapata nguvu kweli kumbe mwili unapigana na uchovu.

Sasa mimi kilichonivuta kwenye barua yako ni saa nne, ile safari ya sokoni. Kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi watoto wengi wanaacha kulala mara mbili wanabaki na moja, na huyo wako ndo kaingia huko. Hamu ya usingizi inajikusanya kadiri mtu anavyokaa macho, akisinzia mgongoni hata robo saa anaipunguza, kwaiyo saa saba ukimlaza hana usingizi wa kutosha kulala ila hana nguvu ya kufika jioni. Huo usingizi mdogo wa asubuhi ndo unaokula mkubwa wa mchana. Mwambie mdogo wako aende sokoni mapema, saa mbili, kabla mtoto hajaanza kulegea, au akienda saa nne amwache, au watembee kwa miguu yake hata kama ni mwendo wa kusimama kila penye kuku. Siku za mwanzo atalegea kwenye saa tano, mtoeni nje acheze na maji kwenye beseni mtu akiwa pembeni yake, muda utapita.

Chakula cha mchana apewe saa sita kasoro, kabla wateja wako hawajajaa. Amwagiwe maji ya uvuguvugu, avalishwe nguo nyepesi au abaki na nepi tu, alazwe saa sita na nusu. Mpangilio uwe uleule kila siku, chakula, maji, pazia, wimbo, kulala, hata Jumapili, maana mtoto wa umri huo saa haijui ila anajua nini kinafuata nini. Na mdogo wako alale naye kabisa pale kitandani afumbe macho, asishike simu, mtoto akiona mwanga wa simu kwishahabari. Katuni zisiwepo kwenye saa nzima kabla ya kulala, na mwongozo uleule wa 2019 unasema aliye chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa.

Angalia na joto. Chumba cha bati bila dari saa saba mchana Dar es Salaam hata wewe usingelala, mwili unahitaji kupoa ndo usingizi uje. Kama sebuleni kuna upepo tandika mkeka huko, feni isimpige moja kwa moja usoni. Na chandarua iwepo hata mchana, mbu wa dengue anauma kukiwa na mwanga na Dar tumeshaona dengue ikilipuka 2014 na 2019.

Akikaa nusu saa hajalala, mwinueni bila kelele bila kumsema, siku hiyo usiku alale saa moja. Akilala, muamshe kabla ya saa tisa na nusu. Kile kijiusingizi cha saa kumi na mbili kwa sasa kimsogezee chakula, ale saa kumi na moja na nusu, aoge, alale moja kwa moja mpaka asubuhi. Usitegemee mabadiliko siku ya pili, mpe wiki mbili. Na kama asubuhi anapewa chai ya majani na maandazi, badilisha iwe uji au maziwa, chai ina kafeini na inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, na mtoto aliyepungukiwa chuma usingizi wake unakuwa wa kuhangaika. Angalia kwenye kadi ya kliniki kama kapata vitamini A na dawa ya minyoo, zinatolewa kila miezi sita.

Anti habari za kazi. Mimi ni dada wa kazi naishi kwa watu Kimara, nalea mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa mbili usiku sababu ya foleni. Ananiambia nisimlaze mtoto mchana ili usiku alale mapema na yeye apumzike. Lakini anti huyu mtoto saa nane anasinzia amesimama, namwonea huruma namlaza, usiku anakesha mpaka saa tano nagombezwa. Nifanyaje?
*Dada wa Kimara*

Mdogo wangu, una moyo mzuri na jicho lako linaona vizuri, mtoto anayesinzia amesimama anahitaji kulala. Tatizo si kulala, ni saa anayolala na anavyolala muda mrefu. Ukimlaza saa nane akaamka saa kumi na nusu lazima akeshe. Mlaze saa sita, saa nane muamshe, hata kama kanuna, mpe tunda mtoe nje kwenye mwanga. Ikifika saa mbili usiku atakuwa macho kiasi cha kumwona mama yake na saa tatu atalala.

Na sasa naongea na mama wa huyu mtoto, maana najua gazeti linafika hapo nyumbani. Dada yangu, kazi na foleni ya Morogoro Road zimekuchosha, nakuelewa, lakini kumkesha mtoto mchana hakumfanyi alale vizuri usiku, wengi wanalala wakiwa wamechoka mno wanaamka amka na kulia. Alafu kuna kitu kingine nakihisi, huyo mtoto hajakuona tangu jana, saa mbili ukifungua geti ndo siku yake inaanza. Kabla ya jikoni, kabla ya simu, mpe dakika ishirini zako zote, taa za chumbani zikiwa zimeshapunguzwa. Na msichana wako msimgombeze mbele ya mtoto, kaeni wawili Jumamosi mkubaliane saa, mziandike zibandikwe kwenye friji.

Habari yako Anti. Kijana yangu ako na miaka mitatu na nusu, hapa Nakuru. Pale plegrupu wanalaza watoto wote saa saba mpaka saa tisa, yeye halali, mwalimu analalamika eti anasumbua wenzake. Nyumbani wikendi pia halali na jioni ako sawa tu. Usiku analala saa mbili mpaka saa kumi na mbili na nusu, ingawa anakoroma sana. Nimlazimishe?
*Baba wa Nakuru*

Hapana baba, huyo usimlazimishe. Watoto wengi wanaacha kulala mchana kati ya miaka 3 na 5, na wako anapata saa kumi na nusu usiku, kiwango cha miaka 3 na 4 ni saa 10 hadi 13. Jioni yuko sawa, kwaiyo zinamtosha. Ongea na mwalimu kwa upole, mwombe amruhusu akae pembeni na kitabu cha picha au karatasi na penseli, kimya, wenzake wakilala. Saa mbili nzima za kulala macho unaangalia dari ni adhabu kwa mtoto wa miaka mitatu.

Kilichonishtua mimi ni hilo la kukoroma, nawe umeliandika kama jambo la pembeni. Mtoto akipata mafua akakoroma siku mbili tatu si kitu, lakini kukoroma sana kila usiku, analala mdomo wazi, jasho jingi, au unasikia pumzi imekatika kidogo alafu anashtuka, hizo zinaweza kuwa nyama za pua au mafindofindo yameziba njia ya hewa. Usiku mmoja mrekodi video kwa simu akiwa amelala, kifua kikiwa wazi kionekane, na sauti isikike, upeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hii.