Sitakuambia Ufanye Biashara Gani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: “Mwalimu, nimesoma makala zako, nimejaza karatasi za malengo, nimehudhuria semina, na bado sijui biashara yangu inaelekea wapi. Wewe niambie tu nifanye nini, nami nitafanya.” Ujumbe wa namna hii huja mara kwa mara, lakini huu umenikaa moyoni. Mtu huyu ana nguvu, ana nidhamu, na mtaji kidogo anao. Anachokosa ni kujijua, na hilo hakuna awezaye kumtumia kwa simu.

Sikumpa jibu alilotaka. Najua wengine wenu mmekwama palepale alipokwama yeye, kwa hiyo nieleze kwa nini.

Kabla sijaingia kwenye ukocha wa biashara, nilikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji pamoja na mwenzangu. Tulichapa kila kilicholetwa: kadi, mabango, fulana, vitabu vya risiti, lebo za bidhaa. Mashine hazikupoa. Ungepita pale ungesema hawa wamefika. Lakini kila mwisho wa mwezi tulihaha kutafuta mishahara, na tukishalipa, hakibaki kitu. Tukamwita mshauri, tukamlipa vizuri. Akapitia vitabu vya hesabu na kutuandikia mpango: nunueni mashine kubwa ya mabango, fungueni tawi la pili, kwa sababu mabango ndiyo yanayoingiza fedha nyingi. Mwenzangu aliupokea mpango ule kwa mikono miwili. Mimi niliukataa.

Niliukataa kwa sababu nilikuwa na daftari. Kwa kila kazi niliandika malipo, gharama ya vifaa, saa zilizotumika, na siku zilizopita kabla mteja hajalipa. Vitabu vya hesabu vilimwonyesha mshauri mapato tu. Daftari lilionyesha kinachobaki. Chukua mfano rahisi. Bango la kulipwa 100 linakula vifaa vya 70, linabakiza 30. Likichukua saa 15 pamoja na kurudia makosa na kumfuata mteja, umebaki na 2 kwa kila saa. Lebo za kulipwa 40 zinakula vifaa vya 16, zinabakiza 24. Zikichukua saa 4, umebaki na 6 kwa saa. Hapo hujatoa pango wala umeme. Kwenye vitabu bango ni mfalme. Kwenye maisha yako ndilo linalokunyima usingizi, na bado mwenye bango anakulipa baada ya miezi miwili.

Daftari lilikuwa na safu nyingine, na hiyo ndiyo niliyoithamini kuliko zote. Niliandika kama ningependa kuifanya kazi ile tena. Kwenye mabango karibu kote niliandika hapana. Wateja wa mabango wanataka leo, wanapunguza bei hadi dakika ya mwisho, wanabadili maneno usiku. Kwenye lebo niliandika ndiyo, tena ndiyo. Mteja wa lebo anarudi kila bidhaa zake zinapoisha, unamjua, unajua rangi zake, mnakua pamoja. Nikajitambua: mimi ni mtu wa kazi ya makini inayojirudia. Dharura zinaninyonya, na kumdai mtu malipo ya awali kulinishinda kabisa.

Nilipomweleza mwenzangu, alisema mbele ya wafanyakazi kwamba naogopa kukua. Miaka imepita na neno lile bado linanichoma. Tuliachana. Yeye alichukua mabango, mimi nikabaki na lebo. Na hapa ndipo pana somo ambalo washauri wengi hawalitaji: yeye amefanikiwa, nami nimefanikiwa. Yeye anapenda pilikapilika. Hashiki kazi bila kupewa nusu ya malipo, na anaidai huku anacheka. Zile saa 15 yeye anazimaliza kwa 5. Mpango wa mshauri ulikuwa unamfaa mtu mmoja kati yetu, lakini mshauri hakuuliza ni nani. Alisoma hesabu akadhani amewasoma wenye hesabu.

Hiyo ndiyo sababu simwambii mtu afanye nini. Biashara ndogo ni mwenyewe. Kampuni kubwa inaweza kuajiri mtu wa kuziba udhaifu wa mkurugenzi; wewe udhaifu wako unakaa kaunta, unapokea simu, unapanga bei.

Sasa, kujijua kunaanzia wapi? Kwenye kuandika. Peter Drucker, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909 na kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa uongozi wa biashara nchini Marekani, alishauri kwamba kila unapofanya uamuzi mkubwa uandike unachotarajia kitokee, kisha baada ya miezi 9 au 12 ulinganishe na kilichotokea. Jaribu hilo, ndugu yangu. Kichwa kinasahau tulichotarajia na kujisifia kilichotokea. Karatasi haisahau. Baada ya maamuzi machache utaona mahali ambapo makadirio yako hutimia na mahali unapojidanganya kila mara. Wapo wenye macho makali ya kununua bidhaa lakini hawawezi kabisa kukadiria muda. Wapo wanaojua kumsoma mteja ila mfanyakazi wao anawapiga chenga kila siku.

Halafu waulize wengine. Wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walichora mwaka 1955 dirisha la vyumba vinne, na kimoja kati ya hivyo ni cha mambo ambayo watu wanayaona kwako na wewe huyaoni. Mwenye biashara anaishi na chumba hicho kikiwa kimefungwa, kwa sababu wafanyakazi wanamwogopa na mteja asiyeridhika anaondoka bila kuaga. Watafute walioacha kununua kwako. Uliza swali moja tu: ni kitu gani kilikufanya uache? Kisha nyamaza. Usijitetee, usitoe punguzo. Andika. Wateja ninaowafundisha wanachukia zoezi hili kuliko yote, na karibu wote wanaolifanya hurudi wakiwa na jambo ambalo mimi nisingeligundua kwa kukaa nao mwaka mzima.

Ukishajijua, mwelekeo ni kuacha. Watu wanataka nyongeza, wanataka bidhaa mpya, ukurasa mpya, tawi jipya. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, aliporudi huko mwaka 1997, aliikuta kampuni ina bidhaa nyingi kiasi kwamba hata wenyewe walishindwa kueleza tofauti zake. Akachora miraba minne: kompyuta za mezani na za kubeba, za watu wa kawaida na za wataalamu. Nyingi kati ya zisizoingia humo zilikatwa. Mwaka wa fedha wa 1997 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Uliofuata ikapata faida ya zaidi ya dola milioni 300. Kama kampuni ya ukubwa ule ililazimika kuacha, wewe mwenye wafanyakazi watatu unang'ang'ania bidhaa arobaini kwa nini?

Acheni kukimbia semina hadi semina mkitafuta mtu wa kuwaamulia. Acheni kuiga ukurasa wa jirani kwa sababu amepiga picha na gari jipya. Hujui anadaiwa kiasi gani, na hata asipodaiwa, yeye si wewe. Kaa na daftari lako. Andika leo, andika kesho, andika hata siku ambayo hukuuza.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu ndilo linalowakwamisha hata walioamua: wateja mnaowaacha. Msiwapotezee kimyakimya. Mimi nilimwandikia kila mteja wa mabango, nikamaliza oda zote zilizokwisha kulipiwa, nikawapa namba ya mwenzangu, ingawa wakati huo tulikuwa hatusemezani. Wachache walikasirika. Wengi walishukuru, na baadhi yao walipoanza kufungasha bidhaa zao wenyewe walirudi kwangu kutafuta lebo. Fanya hivyo kabla hujatangaza mwelekeo mpya, na jipe muda wa kutosha, maana oda za zamani zitaendelea kuingia kwa miezi kadhaa na kila moja itakujaribu kwa fedha taslimu.