Jibu: Sindano ya ganzi mgongoni na maumivu ya kiuno
Dada, umeuliza kama sindano ya ganzi uliyochomwa wakati wa upasuaji wa uzazi iligusa ugwe mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo), maana kiuno bado kinauma. Hilo si rahisi kutokea. Kwa watu wazima wengi ugwe mgongo huishia kwenye pingili (mfupa mmojammoja wa uti wa mgongo) ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mtaalamu wa ganzi hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya 4, na sindano huingia kati ya ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5. Huko chini kuna mfuko wa maji ya uti wa mgongo na nyuzi za neva zilizoning'inia kama mkia wa farasi, ambazo kwa kawaida husogea ncha ikipita.

Misuli mirefu inayosimamisha mgongo iko kushoto na kulia, sindano hupita katikati. Mimi nashuku zaidi misuli hiyo na kano zilizolegezwa na ujauzito, halafu kuinama kila unaponyonyesha; weka mto chini ya mtoto.

Ila miguu ikikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukiziba, nenda hospitali saa hiyohiyo.