Ukipuuzwa Mgahawani, Usinyamaze na Usigombe

Kuna jambo ambalo wakazi wa Dodoma tunalilalamikia tukisharudi nyumbani, lakini tukiwa mezani tunanyamaza. Unaingia mgahawani, unaangaliwa kuanzia viatu hadi kichwani, unaonyeshwa meza ya karibu na choo, halafu anayehudumiwa ni mtu aliyeingia baada yako. Fedha yako ni ileile na bei ya wali ni ileile. Kilichotofautiana ni gari mlilokuja nalo, au kitambulisho cha ofisi kinachoning'inia shingoni mwa mwenzako.

Mji huu umebadilika haraka. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia huku kwa vitendo, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, ukipita saa saba mchana unakuta magari ya serikali yamepangana nje ya kila sehemu yenye chakula kizuri. Wenye migahawa wanafurahi, na wana haki ya kufurahi, maana wamesubiri biashara hiyo miaka mingi. Lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), dereva wa bodaboda, mama anayeuza mboga Majengo na mzee aliyetoka Bahi kufuata matibabu wameanza kugeuzwa wateja wa kungoja. Hilo linaniuma, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakila humo kabla ya wageni kuja.

Nililiona kwa karibu siku niliyompeleka mama yangu kliniki. Alikuwa ametoka kijijini upande wa Mvumi kwa basi la alfajiri, amejifunga kitenge na khanga, kandambili zimejaa vumbi la njiani. Tulipotoka hospitali alikuwa na njaa, nikamwingiza kwenye mgahawa mmoja wa katikati ya mji. Kijana aliyekuja kutuhudumia alinipa mimi menyu, mama hakumpa. Mama akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," kama anavyomsalimia kila mtu. Kijana hakuitikia wala hakumpa shikamoo. Akaniuliza mimi, "Dada, huyu mama atakula nini?" Mama ameketi pale pale, anamtazama.

Tukaagiza wali na kuku. Baadaye wakaingia wanaume waliovaa suti, wakakaa meza ya dirishani. Kijana yule yule akawakimbilia, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, na shikamoo ikatoka bila kuombwa. Nao wakaagiza wali na kuku. Chakula chao kikafika, wakala, wakaanza kuchokonoa meno. Kwetu hata maji ya kunawa hayajaletwa. Mama akanivuta mkono: "Tuondoke mwanangu, hapa si petu."

Sikukubali tuondoke. Nilimwambia mama anisubiri kidogo, nikaenda kaunta nikamwomba msimamizi. Nikamwambia, "Kaka, habari za kazi. Sisi tumeagiza kabla ya meza ile ya dirishani, na wao wameagiza chakula kama chetu. Wameshamaliza, sisi bado. Naomba unisaidie." Akasema samahani dada, leo tuna wageni. Nikamuuliza, "Na mama yangu ni nani?" Akanyamaza, kisha akaingia jikoni mwenyewe. Chakula kikaja, amekibeba kwa mikono yake, na akamsalimia mama vizuri, "Shikamoo mama, karibu chakula." Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya juu, akanawa, akala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia sana mambo haya kila ninapokula nje, na watu huniuliza wafanyeje. Kwanza hakikisha kwamba kweli umebaguliwa. Kuku wa kienyeji huchukua muda mrefu, chipsi mayai hutoka upesi, na wafanyakazi wengi wa maofisini hupiga simu kuagiza kabla hawajafika. Mtu anaweza kukaa baada yako akala kabla yako na hakuna aliyekukosea. Ndiyo maana mimi huangalia walichoagiza. Wakiwa wameagiza chakula kama changu, wamekuja nyuma yangu na hawakupiga simu, hapo nina la kusema. Nikiwa na shaka namuuliza mhudumu kwa upole, "Mdogo wangu, wale walikuwa wameagiza mapema?" Jibu lake, na jinsi anavyolitoa, hukuambia mengi.

Ukishahakikisha, usimwandame mhudumu. Mara nyingi kijana yule ameambiwa na bosi wake kwamba wakubwa wasisubiri, na anategemea bakshishi ili mwezi ufike mwisho. Ukimfokea mbele ya watu utamuumiza bure na mfumo utabaki ulivyo. Nenda kwa msimamizi au mwenye mgahawa, tena mapema, kabla hujala na kabla hujalipa. Taja jambo lenyewe: tumekaa lini, tumeagiza nini, nani amehudumiwa kabla yetu. Usianze na "nyie mnadharau watu", maana hapo mtabishana juu ya dharau na chakula kitaendelea kusubiri. Sema pia unachotaka, kiwe ni chakula kije sasa au oda ifutwe uondoke bila kudaiwa. Msimamizi akijua unachotaka, mengi huisha papo hapo.

Kama tatizo ni bei, yaani menyu inasema hivi na bili imekuja juu zaidi, shika menyu mkononi unapouliza, na dai risiti ya EFD, yaani ile inayotolewa na mashine ya kodi. Risiti ile ina jina la biashara, tarehe, saa na kiasi ulicholipa. Bila hiyo, malalamiko yako kesho yatakuwa neno lako dhidi ya neno lao. Ukiwa nayo, unaweza kwenda mbele zaidi, hadi Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu kama huo.

Wengine huniuliza kuhusu Katiba. Ibara ya 12 inasema binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila, pahala mtu alipotokea, na hata hali ya maisha. Kwa hiyo mama aliyepuuzwa kwa sababu ya kandambili zake hajitungii haki. Lakini marufuku ya ibara hiyo inazigusa zaidi sheria na mamlaka zinazotekeleza kazi za nchi, hivyo sikushauri ukimbilie mahakamani kwa sababu ya sahani ya wali. Itumie kujikumbusha kwamba huombi fadhila.

Ukiwa na mzazi au mtoto, kuna zaidi. Mhudumu akikuuliza wewe kuhusu uliye naye, lielekeze swali kwa mwenyewe: "Muulize mama, yupo hapa." Mpe mzazi menyu, na kama hasomi, msomee taratibu bila kuona aibu wala haraka. Na akisema tuondoke, mheshimu ikiwa amechoka au anaumwa, lakini usimwache aamini kwamba sehemu ile si yake. Mwambie wazi, mbele ya wahudumu, kwamba ameketi kwa haki.

Nanyi wenye migahawa, hasa mnaojiandaa na msimu wa Bunge: kama mna oda kubwa ya wageni, tuambieni tukiwa bado mlangoni, tutaamua wenyewe kukaa au kwenda kwingine. Wafundisheni vijana wenu kumsalimia kila anayeingia, mkubwa kwa shikamoo, bila kuangalia amevaa nini. Na kwenye kile kikaratasi cha oda kinachopelekwa jikoni, andikeni saa na namba ya meza, mpishi apike kwa kufuata saa.