Injini mpya kwenye Land Rover ya zamani: anza na giaboksi

Injini ya kwanza niliyoweka kwenye Land Rover ya mzee ilikaa miezi minne tu. Naandika hii kwa sababu kila mara kuna mtu ananipigia, ooh kaka nimepata injini nzuri ya Toyota, bei iko sawa, nichukue? na mimi namuuliza swali moja tu, giaboksi yako itaikubali? hapo simu inanyamaza.

Gari yenyewe ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ya petroli. Mzee alikuwa nayo tangu mimi ni mtoto hapa Tororo, ndiyo iliyotupeleka shule na ndiyo iliyombeba bibi siku ya mazishi, kwa hivyo habari ya kuiuza nyumbani haizungumzwi. Na tena tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililozidi miaka 15, hizi tulizo nazo ndizo hizo hizo, ukiharibu moja usifikiri utaagiza ingine kirahisi.

Injini yake ya asili ni ya sisi (cc) 2,286, nguvu za farasi kama 70 ikiwa mpya. Yangu haikuwa mpya, ilikuwa inakunywa oili, moshi wa bluu nyuma, na kupanda kwenda Kapchorwa ilikuwa gia ya pili mpaka juu huku malori yanatupita. Kitu kingine watu hawakifikirii ni hewa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na Kampala iko kwenye mita kama 1,200, yaani hata kabla hujaanza mlima wowote kama asilimia 12 imeshaondoka. Turbo inasukuma hewa ndani na kurudisha sehemu kubwa ya hiyo nguvu, ndiyo maana mimi kwa nchi yetu hii nasema turbodizeli, hata kama kuna jamaa watakuambia habari ya ile V8 ya Rover ya lita 3.5. Ni injini tamu na ni nyepesi kwa sababu bloki yake ni aluminiamu, lakini piga hesabu ya petroli kwanza.

Sasa kosa langu. Nilienda kununua injini kabla ya kupima chochote. Nikachukua 1KZ-TE, ile ya lita 3 ya Toyota, injini yenyewe haina shida, inavuta vizuri sana, lakini ile herufi E inamaanisha pampu ya dizeli inaongozwa na kompyuta, kwa hivyo unahitaji kompyuta yake, waya zake zote, sensa zote, na muuzaji alinipa nusu ya waya. Halafu kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover lazima kuwe na bamba katikati, fundi mmoja akalikata kwa macho tu, halikukaa senta, klachi ikawa inatetemeka na beringi ya mbele ya giaboksi ikafa. Rejeta tukaacha ile ile ya zamani. Hapo ndipo injini iliposhindwa, hedi yake ni ya aluminiamu na haipendi kabisa joto kupita kiasi, siku moja jioni njia ya Iganga mshale ukapanda, nikasimama lakini nilikuwa nimechelewa, hedi imepasuka. Niliumia sana siku hiyo, si kwa pesa tu, niliona kama nimemwangusha mzee.

Baada ya hapo ndio nikampata fundi mmoja mzee kule Mbale. Hakuniuliza injini gani nataka. Aliingia chini ya gari na tochi, akakaa huko kama nusu saa, akatoka akaniambia, "Kijana, hii giaboksi bado nzima, na difu ni nzima. Tafuta injini ambayo hivi vitu viwili vitaibeba." Basi.

Tulichoweka ni 200Tdi, turbodizeli ya Land Rover wenyewe, ile ya Discovery za kwanza za kuanzia 1989, sisi 2,495, farasi 111, na nguvu ya kuvuta ni Nyutonimita 265. Ukilinganisha na ile ya petroli iliyokuwa na kama 160 utaelewa. Sababu kubwa ni kwamba 200Tdi imetoka kwenye ukoo ule ule wa injini za zamani za Land Rover, kwa hivyo unaweza kutoa nyumba ya flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) ya injini ya zamani ukaifunga nyuma ya hii mpya, na giaboksi yako inabaki pale pale, hakuna bamba la kukata. Pampu yake ni ya mitambo tupu, waya wa kuiruhusu iwake ni mmoja, ule wa swichi ya kuzima mafuta, ongeza plagi za kupashia moto, stata na chaja, mambo yamekwisha. 300Tdi iliyofuata nayo ni nzuri lakini inataka kazi zaidi kuingia kwenye Series. Kama Tdi huipati, kuna jamaa wameweka Nissan TD27 au Isuzu 4JB1, na hizo pia ni pampu za mitambo, ila bamba la kuunganisha lichongwe kwenye mashine ya lezi na mtu anayepima, si kwa grainda.

Kuna vitu vilitusumbua. Turbo ya Discovery imekaa chini, inagombana na mguu wa injini kwenye chasisi. Ukipata manifoldi ya Defender yenye turbo juu ni bora, sisi hatukupata tukakata mguu na kuuchomelea upya, siku mbili nzima. Rejeta tukatengenezewa ingine yenye safu zaidi, na pembeni nafasi ya kupoza oili na ya kupoza hewa ya turbo, usiache hivyo viwili hata kama fundi anakuambia gari itatembea tu bila. Tenki lilikuwa la petroli, likaoshwa, likawekwa paipu ya pili, kwa sababu dizeli inayobaki kwenye pampu lazima irudi tenkini. Breki zinasaidiwa na vakyumu, na injini ya dizeli haitoi vakyumu kwenye manifoldi kama ya petroli, kwa hivyo hakikisha pampu ya vakyumu iko kwenye injini uliyonunua, wauzaji wengine wanaifungua wanaiuza peke yake.

Alafu difu, hapa ndio watu wengi wanakwama. Series ina difu za 4.7, yaani shafti inayotoka giaboksi inazunguka mara 4.7 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Kwa tairi za 7.50 rimu 16, ukienda kilomita 90 kwa saa injini iko kwenye mizunguko kama 3,200 kwa dakika, na dizeli kama hii haitaki kukimbizwa hivyo safari nzima, inapiga kelele na inakula mafuta bure. Tuliweka difu za 3.54 za Range Rover ya zamani, kwa hii fupi zinaingia bila kukata kitu, na sasa kwa spidi ile ile iko kwenye 2,400 hivi. Badilisha ya mbele na ya nyuma pamoja, zikitofautiana siku utakapoweka foo-wili utavunja kitu. Kama yako ni ndefu ya 109 angalia vizuri ekseli ya nyuma, nyingi zina Salisbury, ekseli ya aina nyingine iliyo nzito zaidi, na hiyo difu haiingii.

Shafti za nyuma za hizi gari, zile zinazozungusha magurudumu, ni dhaifu tangu zamani. Mimi niliivunja moja wiki ya tatu, nikiondoka kwa nguvu kwenye matope, sasa natembea na moja ya akiba chini ya kiti na klachi naachia polepole. Breki tuliweka dramu za mbele za inchi 11 kutoka kwa ile ndefu badala ya zile 10, na hiyo tuliifanya kabla ya kuwasha injini hata siku moja. Usikubali kuifanya baadaye.

Kuhusu kununua. Ukienda kwa wauza spea wa Kampala, Kisekka au Ndeeba, au popote, nenda asubuhi mapema, gusa bloki, ikiwa ina joto sema utarudi kesho, unataka kuiona ikiwaka baridi. Ikiwaka fungua kifuniko cha oili, pumzi kidogo ni kawaida, ikipuliza kama treni achana nayo. Tazama maji ya rejeta kama yanatoa povu. Tikisa shafti ya turbo kwa vidole, juu na chini. Mkanda wa taimingi usiulize umri wake, nunua mpya. Na namba ya injini iwe safi haijapigwa faili, uandikiwe karatasi ya mauzo yenye hiyo namba, kwa sababu logibuku yako ina namba ya injini ya zamani na lazima ibadilishwe, na polisi wakikuta namba mbili tofauti utaeleza mpaka jioni.

Kwa hesabu zangu injini yenyewe ilikuwa kama theluthi ya pesa yote. Theluthi mbili zilienda kwa rejeta, difu, breki, paipu na kuchomelea. Mwenye pesa ya injini tu, angoje.

Mwezi uliopita tulipanda Kapchorwa, watu sita na magunia mawili, gia ya tatu, mshale wa joto ukabaki katikati mpaka juu. Mama alikuwa amekaa mbele, akaweka mkono juu ya dashibodi pale mzee alipokuwa akiweka wake. Tuliporudi niliingia chini ya gari kukaza bolti za maunti, yaani miguu ya injini, mbili nilikuta zimelegea robo mzunguko, kwa hivyo kwako pia, ukifikisha kilomita 500 za kwanza, zikaze zote tena.