Masomo Yakikataa Kuingia: Sonona na Mitihani ya Chuo

Wiki ya CAT, majaribio ya katikati ya muhula, karibu kila mwanafunzi hulala vibaya. Huo ni msongo wa kawaida, nao huisha karatasi ya mwisho ikishakusanywa. Sonona, yaani depression, haifuati kalenda ya chuo. Madaktari huangalia wiki mbili mfululizo: huzuni, au kutofurahia chochote, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopanda, uchovu, kujilaumu, akili kutotulia, kutamani kufa. Zikifika dalili tano na zimekukwamisha, huo si uvivu.

Hojaji ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, ina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3. Ukipata 10 au zaidi, mwone mtaalamu. Swali la mwisho linahusu kujidhuru: ukijibu lolote zaidi ya sifuri, usingoje kujumlisha.

Wengi hujaribu kuitibu sonona kwa kukazana kusoma. Hapo mambo huharibika. Akili iliyoelemewa hushika polepole, kwa hiyo siku nzima maktaba huzaa kurasa mbili, kisha lawama, kisha muguka, majani ya kutafuna, ya kukeshea. Muguka na miraa zina kathinoni, kichangamshi kinachofukuza usingizi kweli. Kikiisha nguvu, moyo hushuka zaidi, na usingizi uliokosa ndio ungehifadhi ulichosoma. Pombe nayo hukulaza upesi na kukuamsha saa tisa usiku.

Anza na makaratasi. Wanafunzi hudharau sehemu hii, kumbe ndiyo inayookoa shahada. Vyuo vingi nchini Kenya hutenganisha sapu, yaani mtihani wa kurudia, na mtihani maalumu. Sapu ni ya aliyeanguka, na mara nyingi alama yake hukomea ile ya kupita, kwa kawaida 40, hata uandike vizuri namna gani. Mtihani maalumu ni wa aliyekosa karatasi kwa sababu inayokubalika, ugonjwa ukiwemo, na unabaki na alama ulizopata. Kinachoamua ni barua na tarehe yake. Ya daktari ipatikane kabla ya mtihani. Ikiletwa baada ya matokeo kutoka, itatiliwa shaka. Haihitaji kutaja ugonjwa: inatosha kusema unatibiwa na hufai kufanya mtihani kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Ipeleke kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliyewahi kufuatilia alama zilizopotea anajua muhuri huo unavyosaidia.

Muhula mzima ukiwa umeharibika, omba kuahirisha masomo kwa maandishi, na uwaulize HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mkopo wako utakuwaje. Usitoweke tu. Asiyeaga huhesabiwa mtoro, na kurudi huwa kazi.

Ofisi ya ushauri nasaha chuoni kwa kawaida hailipishi, lakini hujaa mitihani ikikaribia. Weka miadi mapema. Uliza siku ya kwanza ni mambo gani yatabaki siri. Ukihitaji dawa, nenda kwa daktari: Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mathari, Barabara ya Thika, zote Nairobi, zina huduma za afya ya akili. Dawa za sonona kama fluoksetini huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6, kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kichefuchefu na kukosa usingizi huja mwanzoni. Ndiyo maana wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haifanyi kazi. Kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo, kwa hiyo mtu wa karibu ajue umeanza. Ukipona, daktari atakuendeleza nayo walau miezi 6, na kuiacha ni kwa kupunguza taratibu.

Wakati huo, amka saa ile ile hata kama hukulala. Shuka stegi moja kabla ya yako utembee. Kula mara tatu, hata iwe chapati madondo ya kibandani. Soma dakika 25, pumzika 5, mara tatu basi. Anza na karatasi za mitihani iliyopita, ujibu daftari likiwa limefungwa.

Ukimhofia mnayeishi naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu chumbani, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, au mpeleke idara ya dharura. Msinyamaze kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mwelezeni daktari kila kitu, pamoja na alichomeza na saa aliyokimeza.