Siku tano za jua mwezi Machi ndizo zilizoua miche yako

Mdogo wangu wa Leeds, Uingereza, pole sana. Umesema hapa kwenye kundi letu kwamba umetoka Morogoro mwaka jana, ukaotesha miche ya mchicha na maharage dirishani, na katikati ya Machi jua lilipowaka siku tano mfululizo ukaihamishia nje na kusia bamia pembeni yake. Wiki haikuisha miche ikawa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto, na bamia hadi leo hazijachomoza. Ukauliza: nyumbani Machi ndiyo masika, sasa hapa nimekosea wapi, na mlioko kwingine misimu yenu inaendaje?

Mimi nimezaliwa Lushoto, nikaolewa Unguja, na tangu 2008 niko Manchester. Toka 2013 nakodi kipande cha shamba cha halmashauri, nusu ya kile cha kawaida, yaani kama mita za mraba 125. Miche niliyoiua miaka miwili ya mwanzo ni mingi kuliko yako, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyonipata.

Hizo siku tano za jua ndizo zilizoiua miche yako. Mwezi Machi na Aprili hapa, mbingu zikiwa safi mchana na upepo umetulia, usiku joto la ardhi hupaa lote juu kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia. Mawingu ni blanketi. Blanketi likiondoka, alfajiri umande unaganda juu ya majani: ndiyo jalidi. Maji yaliyomo ndani ya jani nayo huganda, chembe zake huharibika, na jua likichomoza jani linalegea na kuwa jeusi. Wakulima wa viazi wa Nyandarua wanaijua vizuri, na watu wa Kitulo pia. Na kwao nako hupiga miezi ya ukavu, mbingu zikiwa nyeupe, haipigi wakati wa mvua. Siku nzuri kwa macho yetu, kwa mchicha ndiyo siku ya hatari.

Hilo lilinichukua muda kulielewa kwa sababu nimelelewa kutazama kitu kingine. Mama yangu kule Lushoto hakuwahi kuniuliza kuna joto kiasi gani. Aliuliza maji. Mvua ya kwanza ya vuli ilipogonga bati, majirani walikimbilia mbegu. Yeye alichukua jembe, akachimba, akaangalia unyevu umeshuka hadi wapi. Kama chini ya urefu wa kiganja udongo bado ni vumbi, alirudi ndani. "Hiyo imekuja kusalimia," alikuwa akisema. Na alikuwa na haki ya kuishuku vuli, maana inategemea sana Bahari ya Hindi ina joto upande gani na kama kuna El Niño. Vuli ya 2019 ilifurika. Ya 2022 ilikauka mpaka Dar es Salaam ikaingia mgawo wa maji. Masika inaaminika zaidi, ingawa nayo siku hizi inachelewa au inashuka yote kwa mkupuo.

Unguja nilikuta wanasoma upepo. Baba mkwe wangu, mtu wa Makunduchi, alijua msimu kwa upande ambao kivuli cha mnazi kilitikiswa. Kaskazi inaleta joto na kiangazi cha Januari na Februari. Kusi ikishika baada ya masika huja kipupwe, na katikati ya kipupwe hunyesha mvua ndogondogo za mchoo, ambazo mtu wa mboga hazidharau hata kidogo. Tena alihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, kwa miongo, kumi kumi. Nilimwuliza kwa nini asitumie miezi ya Kiislamu. Akanijibu kuwa miezi ya mwandamo ni ya ibada. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, ukiifuata kwa kupanda utajikuta unasia mtama kiangazini. Watu wa pwani walihitaji mwaka wa jua kwa mashamba na majahazi, wakawa nao. Namkumbuka kila ninapoona mtu anapanda kwa kuangalia jina la mwezi tu.

Kwa hiyo nilipofika Manchester nilitafuta mvua. Watu wote husema ni mji wa mvua, nikadhani basi nimefika. Ukweli ni kwamba Zanzibar inapata mvua karibu mara mbili ya Manchester kwa mwaka. Aprili peke yake kule inaweza kushusha zaidi ya milimita 300. Hapa mvua ni chache, ila imetawanywa miezi yote kumi na miwili, haina mwanzo wala mwisho. Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa, lakini mawingu ya huku ni ya siku zote na hayakuambii chochote kuhusu lini upande. Maji si shida ya hapa. Kinachokosekana ni vitu viwili: joto ndani ya udongo, na mwanga.

Joto la udongo nilifundishwa na mzee mmoja jirani yangu wa shamba, Mwingereza aliyekuwa amelima kipande chake kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Kila saa tatu asubuhi, kuanzia Aprili, alikichomeka sentimita kumi, akasoma, akaandika kwa penseli kwenye mlango wa kibanda chake. Maharage hakuyagusa mpaka asome nyuzi 12 wiki nzima. Chini ya hapo mbegu inavimba kwa maji, haina nguvu ya kuota, inaoza. Bamia ni mbaya zaidi, inataka nyuzi 18 na kuendelea, na udongo wa wazi wa Leeds katikati ya Machi haukaribii hata nusu yake. Zako zimeshaoza, usizisubiri. Mzee yule alifariki mwaka ule wa joto kali, 2022, tulipofika Julai 19 na kituo cha Coningsby, huku Uingereza, kikapima nyuzi 40.3, kiwango ambacho nchi hii haikuwahi kukipima. Mlango ule wenye penseli niliomba nikapewa. Uko kwangu.

Mwanga ndio uliokuwa mgumu zaidi kwangu, kwa sababu kwetu mwanga haukosekani, hivyo hatuna hata mazoea ya kuufikiria. Zanzibar, kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote kuna tofauti ya dakika kama arobaini. Manchester, mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa 2:20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mwishoni mwa Juni linachomoza saa 10:40 alfajiri na kuzama saa 3:40 usiku. Mche unahesabu saa hizo. Mwanga ukipungua chini ya saa kumi kwa siku, yaani mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, mimea karibu yote inasimama. Haifi, ila haikui. Hata ukiifunika kwa nailoni na kuipashia moto.

Na hapa nikuonye jambo, maana najua utafanya kama nilivyofanya. Mwaka 2015 nilirudi kutoka likizo nikiwa na mbegu za vitunguu vyekundu vya nyumbani. Nikavilea dirishani toka Februari, Aprili nikavitoa. Juni majani yakalala chini, nikafurahi kuwa vimekomaa. Kung'oa, gololi tupu. Nililia, sioni aibu kusema. Baadaye ndipo nikajua kuwa kitunguu hakivimbi kwa umri, kinavimba kwa urefu wa mchana. Cha kwetu kimezoea mchana wa saa 12. Huku kilipotoka nje Aprili kilikuta saa 14, kikaona muda umepita, kikaanza kufunga kikiwa bado kitoto. Mwaka uliofuata nikampelekea mama mbegu za huku. Kwake zikatoa majani mazuri, marefu, na hazikufunga kitunguu kabisa, kwa sababu zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16 ambao Lushoto haupo. Alivila kama vitunguu vya majani. Mbaazi ni hadithi hiyohiyo: mbegu za asili huchanua mchana ukifupika, hivyo kwangu zilirefuka hadi kifuani majira yote ya joto, zikaanza maua Oktoba, na jalidi ikazikuta hapo.

Umeuliza na wa kwingine. Shemeji yangu yuko Muscat, na kalenda yake ni ya kukimbia joto. Kuanzia Mei hadi Agosti nyuzi zinapita 40, yeye anafunika mitende na ndimu kwa matandazo, anaacha matuta ya mboga yapumzike. Nyanya anasia Septemba, anaanza kuchuma baridi inapoingia, anaendelea hadi Aprili. Majira yetu ya kulala ndiyo yake ya kazi. Wenye mashamba ya zamani huko bado wanagawana maji ya mifereji ya falaji kwa zamu za saa. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Lakini binamu ya mume wangu aliye Salalah, nchi ileile ya Oman, anavuna minazi, ndizi na mapapai. Juni hadi Septemba milima yake inajaa ukungu na manyunyu, wanauita kharifu, na watu wa Muscat wanakwenda kupumzika huko. Upepo unaoleta manyunyu hayo ni kusi yetu. Unavuka Ikweta, unapinda kuelekea kaskazini mashariki kwa sababu dunia inazunguka, unafika Dhofar, mkoa wa Salalah, ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Baba mkwe akikaa barazani Makunduchi akisikia kusi inampoza, siku chache mbele hewa ileile inamnyeshea mtoto wa ndugu yake. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko nao wanaiitia jina.

Rafiki yangu wa Bonn ananiambia Wajerumani hawatoi miche laini nje mpaka tarehe 15 Mei ipite, yaani baada ya siku za wale wanaowaita Watakatifu wa Barafu, zinazoanza tarehe 11. Ni hesabu ya wazee, na yeye anaiamini kuliko utabiri wa simu.

Kuhusu ndugu wa Minnesota, Marekani, aliyetaka humu kundini kila mtu ataje namba ya kanda yake ya kupandia: ramani inayotoa namba hizo, ya idara ya kilimo ya Marekani, iliyofanyiwa marekebisho 2023, ina kanda 13 na inapima jambo moja tu, baridi kali kuliko zote kwa wastani wa kila mwaka. Kwake inamsaidia kujua mti upi utapona Januari. Sisi haitufai. Lamu na Singapore zote hazijui baridi, ramani ingeziweka jirani. Lakini Lamu ina Januari na Februari kavu kabisa, na Singapore haina mwezi mkavu. Mkulima wa Lamu anauawa na kiu, na kiu haimo kwenye namba hiyo.

Sasa wewe, wiki hii ya Aprili, usikae umekunja mikono. Panda viazi mviringo, njegere, na vitunguu vile vidogo vya kupandikiza vinavyouzwa huku. Sia spinachi. Sukuma wiki nayo ipande, haiogopi jalidi. Majani yake huwa matamu zaidi baada ya baridi kuipiga. Mchicha usie upya dirishani mwanzoni mwa Mei, utoe nje wiki ya mwisho ya mwezi huo, lakini kwanza uuzoeshe siku kumi: mchana nje, usiku ndani. Maharage vivyo hivyo. Bamia mpaka uwe na kibanda cha nailoni au kioo, vinginevyo nunua. Na usiku wowote wa Mei ukiona nyota zote na jani halitikisiki, toka ukafunike, hata kwa shuka kuukuu.

Na wewe dada wa Lubumbashi uliyesema Juni kwenu ni baridi na ukavu kwa pamoja, nina swali. Mboga za bondeni mnazimwagilia asubuhi au jioni, na kuna alfajiri mliyowahi kukuta majani yameganda?